*#21# haikuambii kama unasikilizwa, jamani

Wiki hii tu wameshakuja wanne hapa kwenye kibanda changu cha ufundi simu Mwanjelwa, Mbeya, wote na ile meseji ya kwenye magrupu, eti ukibonyeza *#21# simu inakuonyesha kama serikali inakusikiliza. Nimechoka aisee.

Hiyo kodi (namba ya kubonyeza) inaonyesha tu kama simu zinazoingia kwako zimeelekezwa namba nyingine, basi. Ile *#62# ndo inawatoa watu jasho, inaleta namba usiyoijua, kumbe mara nyingi ni ya mtandao wako wenyewe, ya kukupa taarifa nani alikupigia ukiwa umezima. Ukikuta namba ya mtu pale, hapo sawa shtuka, bonyeza ##002# ufute zote. Ila serikali ikitaka kukufuatilia mara nyingi haihangaiki na kisimu chako, inaenda kwa kampuni ya simu. Snowden, yule aliyefanya kazi na shirika la ujasusi la Marekani, alivyovujisha siri zao 2013, mojawapo ilikuwa amri ya mahakama kwa Verizon, kampuni ya simu ya huko, watoe kila siku kumbukumbu za wateja, nani kampigia nani, saa ngapi, wameongea muda gani, na hakuna mteja aliyesikia mwangwi wala krr krr. Mwangwi ni netiweki. Simu kuchemka inaweza kuwa betri limevimba, toa hilo kava uone mwenyewe.

Jumanne kaja mama mmoja anauza viazi Igawilo, kajifunga kitenge mpaka masikioni kwa lile baridi, shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu ananong'ona, "wananisikiliza, mambo ya mkopo wangu wa kikundi mtaa mzima wanayajua." Sikugusa kodi yoyote. Nikafungua WhatsApp, nukta tatu, vifaa vilivyounganishwa: kompyuta ya Windows, imetumika leo saa 3 asubuhi. Mama hana kompyuta. Tukarudisha siku nyuma, kumbe mwezi uliopita alienda steshenari kuprinti fomu ya mkopo, kijana akachukua simu akaskani WhatsApp ifunguke kwenye kompyuta yake, wakaprinti, mama akalipa akaondoka, WhatsApp yake ikabaki wazi kwenye mashine ya watu. Nikaitoa. Akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kafika mlangoni kageuka: "na hao wa serikali je?"

Nyie mnaoprinti, kabla hujanyanyuka kwenye kile kiti ingia hapo kwenye vifaa vilivyounganishwa ujitoe, mi nasema kila siku.

Kingine, "laini yangu nimesajili kwa kidole, hakuna wa kuchezea." Wakala wa laini anayekaa chini ya mwavuli barabarani anakwambia haijasoma, weka tena, unaweka tena, unaweza kuwa umesajili laini mbili na ya pili anaondoka nayo mwingine. Bonyeza *106# uone laini ngapi ziko kwenye NIDA yako, namba ya kitambulisho cha taifa. Bure kabisa, kodi ya maana ndo hiyo, hamuisambazi.

Halafu hii ya "akishakufa picha ni za wote, tena kama ni staa." Kobe Bryant, staa wa kikapu wa Marekani, kafa Januari 2020 kwenye helikopta, askari wa Los Angeles wakapiga picha za eneo la ajali wakawa wanaonyeshana, mmoja mpaka baa. Agosti 2022 jopo la raia mahakamani likaamua mjane alipwe dola milioni 16. Juzi dogo kaniletea simu nimrudishie picha za ajali ya Iwambi kazifuta kwa bahati mbaya, kuna grupu wanazisubiri. Nikamwambia kioo nabadilisha, chaji sistimu natengeneza, hilo peleka kwingine.