Mtandao wa Hifadhi (SAN): Dhana Potofu na Ukweli Wake

Taasisi inapokua, iwe ni chama cha akiba na mikopo jijini Mbeya au hospitali mkoani Iringa, hufika wakati ambapo diski zilizomo ndani ya seva hazitoshi tena, na ndipo linapokuja wazo la mtandao wa hifadhi, yaani SAN, mtandao maalumu unaounganisha seva na kabati la diski za pamoja. Fedha nyingi huenda kwenye vifaa, ilhali usalama wa data hutegemea zaidi namna vilivyosanidiwa.

Dhana inayodhuru kuliko zote ni kwamba SAN ni folda kubwa ya pamoja. Ukweli ni kwamba SAN huigawia seva kipande cha hifadhi kiitwacho LUN, na seva hukichukulia kuwa diski yake yenyewe. Seva mbili zikipewa LUN moja yenye mfumo wa faili wa kawaida, kama ext4 au NTFS, kila moja hutunza kwenye kumbukumbu ramani yake ya nafasi zilizo wazi bila kujua mwenzake ameandika wapi, na faili huandikwa juu ya faili nyingine pasipo onyo lolote, mpaka siku mhasibu anapofungua leja za wanachama na kuzikuta zimeharibika. Kushirikiana kunahitaji mfumo wa faili uliobuniwa kwa kazi hiyo, kama GFS2 au VMFS. Anayetaka folda za ofisi tu, NAS, yaani kifaa cha kuhifadhi na kushirikisha faili kwenye mtandao wa kawaida, inamfaa zaidi. Ili seva isiguse LUN isiyo yake, mipaka huwekwa mara mbili: kwenye swichi, kifaa kinachounganisha kebo za mtandao huo, ambako kanda huamua poti zipi zionane kwa kufuata anwani za WWN, yaani namba za kipekee za utambulisho wa vifaa, na kwenye kabati la diski, ambako kila LUN hufunguliwa kwa seva inayohusika pekee. Anwani hizo zina herufi na tarakimu 16, kwa hiyo ni heri zinakiliwe moja kwa moja kutoka kwenye mfumo kuliko kuandikwa kwa mkono.

Wapo pia wanaoamini kwamba kebo mbili kutoka kwenye seva ni kinga tosha. Kebo zote mbili zikiishia kwenye swichi moja, swichi hiyo ikizima zote zimekufa. Tena, bila programu ya kusimamia njia nyingi, Linux huionyesha LUN ileile mara mbili, kwa mfano kama sdb na sdc, na fundi asiyejua huzitumia kama diski mbili tofauti. Kipimo cha kweli ni kuchomoa kebo moja huku mzigo wa majaribio ukiendelea, kabla watumiaji hawajaanza kazi.

Huku kwetu husemwa kwamba baridi ya Juni na Julai inatosha kupoza chumba cha mitambo. Diski huzalisha joto saa 24, na chumba kilichofungwa hulitunza hata nje kukiwa na baridi kali. Dirisha likifunguliwa, huingia vumbi la kiangazi. Isitoshe, Mbeya ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ambako hewa ni nyepesi na feni hubeba joto pungufu kuliko pwani.

RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa ili moja ikifa data ibaki, si nakala rudufu. RAID 5 huvumilia kufa kwa diski moja na RAID 6 mbili, lakini rekodi iliyofutwa kimakosa hufutika kote papo hapo. Picha za papo (snapshot), yaani kumbukumbu za hali ya data kwa wakati fulani, zinazokaa ndani ya kabati lilelile nazo hupotea pamoja nalo.

Mwisho ni dhana kwamba data inaweza kuandikwa Mbeya na Dar es Salaam kwa wakati mmoja bila gharama. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwa njia ya zaidi ya kilomita 800, kwenda na kurudi ni angalau milisekunde 8, hivyo miamala inayosubiriana haiwezi kuzidi 125 kwa sekunde. Kwa umbali huo, urudufishaji usiosubiri jibu ndio unaofaa, mradi uongozi ukubali kwa maandishi ni dakika ngapi za miamala zinaweza kupotea.