Vinka si chai ya kisukari

Hapa Kampala hukosi jirani wa kukuambia: chemsha majani ya vinka, lile ua la rangi ya waridi au jeupe lenye petali tano, sukari itashuka. Usichemshe. Mmea huu asili yake Madagaska, na ni kweli hutoa vinkristini na vinblastini, dawa za saratani. Ila hospitalini dawa hizo hupimwa kwa miligramu na kudungwa mshipani, sufuria haipimi. Majani yana sumu, hata mbuzi asiyale.

Kwa pambo, panda tu. Mbegu zifukie kidogo, huota gizani. Ua hili linataka jua, udongo usituamishe maji. Wengi huliua kwa kumwagilia kila jioni, hata masika, mizizi ikaoza. Mimi hungoja udongo ukauke.