Dada wa kazi naye ni mfanyakazi jamani

Juzi kwenye daladala ya Tabata nimemsikia mama mmoja anasema fidia ya kuumia kazini ni ya watu wa viwandani, dada wa nyumbani akiungua na mafuta jikoni ni bahati mbaya tu, unampa hela ya dawa yanaisha. Hapana jamani, sio hivyo kabisa. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi 2015, unawahusu waajiri wote Tanzania Bara, na ukishamlipa mtu mshahara akupikie na kukulelea watoto basi we ni mwajiri, hata kama mlikubaliana kwa mdomo tu sebuleni.

Wengi wanaogopa gharama. Mchango wa sekta binafsi ni asilimia 0.5 ya mshahara, kwa hiyo dada anayelipwa 150,000 ni shilingi 750 kwa mwezi, haifiki hata buku! Na hiyo unatoa wewe, huruhusiwi kumkata yeye.

Mwingine atasema mbona nimemkatia bima ya afya. Sawa, umefanya vizuri sana, ila hiyo inalipa hospitali tu, haimlipi siku anazolala ndani mkono umefungwa plasta. WCF inatibu, akishindwa kufanya kazi kwa muda inampa asilimia 70 ya kipato chake hadi miezi 24, akibaki na ulemavu wa kudumu kuna mafao yake, na akifariki kwa ajali ya kazi wategemezi wake kule kijijini wanapata pensheni.