Daraja la kimbunga halipimi maji

Juzi nimeulizwa tena, na mtu msomi kabisa: "Kama kimbunga ni cha daraja la 1 tu, watu wa Karibi wanahama kwa nini?" Nimechoka kulijibu kwa mdomo.

Madaraja ya Saffir-Simpson, yaani kipimo cha vimbunga cha 1 mpaka 5, yanapima kasi ya upepo, basi. Mvua hayaigusi. Maji ya bahari yanayosukumwa nchi kavu nayo yaliondolewa kwenye kipimo hicho mwaka 2010.

Tazama Gonaïves, Haiti, Septemba 2004. Kimbunga Jeanne kilipomwaga mvua pale hakikuwa hata daraja la 1, kilikuwa dhoruba ya kitropiki. Lakini milima ilikuwa imekatwa miti ya mkaa miaka nenda miaka rudi. Udongo hauna mizizi ya kuushika, maji yanateremka yote kwa pamoja, na tope lake, hadi mjini. Watu walipanda mapaani. Wakafa karibu 3,000, na upepo haukuhusika.

Halafu kimbunga Maria, kisiwa cha Puerto Rico, tarehe 20 Septemba 2017, daraja la 4. Serikali ilitangaza vifo 64, ikakaa na idadi hiyo miezi na miezi. Agosti 2018 ikakubali 2,975. Wengine wote walikuwa wapi? Majumbani, gizani. Umeme ulikatika kisiwa kizima. Mashine ya oksijeni ya bibi inataka umeme, jenereta inataka mafuta, mafuta yana foleni. Insulini inapata joto ndani ya friji iliyozima. Barabara ya kwenda kusafishwa damu imezibwa na kifusi. Akifa wiki ya sita, cheti kinaandika moyo, au kisukari. Maria haitajwi. Hili ndilo linaloniumiza: mgonjwa yule ameuawa na kimbunga, halafu anaachwa nje ya hesabu.

Nikiri pia kwamba 2,975 si orodha ya majina. Ni makadirio ya vifo vilivyozidi kawaida hadi Februari 2018, na maelfu walikuwa wamehama kisiwa. Ukiwahesabu wahamaji kwa namna nyingine, jibu linasogea. Hata daraja lenyewe lina makadirio ndani yake: Maria iliharibu rada ya kisiwa, na vipimo vya upepo huvunjika pale pale vinapohitajika zaidi, hivyo tunategemea ndege na setilaiti.

Kwa hiyo ukitaka kuniuliza, uliza kimbunga chenyewe kinasogea kwa kasi gani, si upepo wake: kikienda polepole, maji yanakaa juu yenu muda mrefu. Mwaka 2019 kimbunga Dorian kilijikokota juu ya kisiwa cha Grand Bahama, Bahamas, zaidi ya siku nzima, bahari ikiingia majumbani saa baada ya saa.