Weird: dhana potofu na ukweli kuhusu neno la majaaliwa lililogeuka kuwa la vioja

Katika Kiingereza cha leo, kitu kikiwa weird si cha kawaida: harufu isiyoeleweka, jamaa mwenye vituko, ndoto isiyo na kichwa wala miguu. Maana hiyo ina miaka 200 hivi tu. Neno lenyewe limepita miaka 1,000, na kwa sehemu kubwa ya muda huo lilikuwa nomino iliyotaja kile ambacho Mswahili angekiita majaaliwa. Hapo katikati ndipo uzushi mwingi ulipoota.

Dhana: maana ya asili ni "ajabu"

Sivyo. Katika Kiingereza cha Kale, kilichosemwa Uingereza hadi karibu mwaka 1100, neno liliandikwa wyrd. Lina uhusiano na kitenzi weorðan, yaani kuwa au kutokea, ambacho Wajerumani wanacho hadi leo kama werden. Kwa hiyo wyrd ni litakalokuwa, na mara nyingine ni tukio tu, jambo lililokwisha kutokea. Katika utenzi wa Beowulf, uliotufikia kwa hati moja tu ya mwaka 1000 hivi, shujaa anasema kabla ya pambano: Gæð a wyrd swa hio scel. Majaaliwa huenda siku zote kama yalivyopaswa kwenda. Hapo hakuna kioja chochote; ni maneno ya mtu anayejua kwamba ajali haina kinga.

Na ajali nayo imehama. Kwa Kiarabu ilikuwa muda aliopangiwa mtu, saa yake ya kufa. Leo ikitajwa redioni, msikilizaji anafikiria basi lililopinduka.

Kitenzi weorðan kiliacha mtego mmoja unaowanasa wasomaji hata sasa. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Ezekieli 30:2, ina maneno Woe worth the day. Wengi huichukua worth hapo kuwa ni thamani, kisha sentensi inawagomea. Ni kitenzi kile kile cha kale: ole na iwe juu ya siku hiyo.

Dhana: wyrd alikuwa mungu wa kipagani, na hukumu yake haikuepukika

Chanzo cha dhana hii kinaeleweka. Katika hekaya za watu wa Skandinavia yupo Urðr, mmoja wa wanawake watatu wanaopanga maisha ya binadamu, na jina lake ni neno hilo hilo kwa lugha ndugu. Lakini Waingereza waliotuachia maandishi walikuwa Wakristo, na waliitumia wyrd bila wasiwasi. Tafsiri ya kitabu cha Boethius, mwanafalsafa wa Kirumi, inayohusishwa na Mfalme Alfred, aliyefariki mwaka 899, inalieleza jambo hili waziwazi: mpango ukiwa bado katika nia ya Mungu una jina lake, na ukishatekelezwa ndipo unapoitwa wyrd. Msomaji aliyezoea mazungumzo ya kadari hatashangaa sana.

Kuhusu kutoepukika, Beowulf yuyo huyo anasema mahali pengine kwamba mara nyingi wyrd humwokoa mtu ambaye siku yake haijafika, mradi ushujaa wake haujalegea. Pana nafasi ya juhudi, ingawa ni finyu.

Dhana: Shakespeare aliandika weird kuwaelezea vikongwe wa ajabu

Wanaotajwa ni wale weird sisters, dada watatu wanaomtabiria Macbeth katika mchezo wa kuigiza wa Shakespeare wenye jina hilo. Hapa pana makosa mawili katika sentensi moja.

Kwanza, fate na destiny, zenye asili ya Kilatini na zilizoenezwa kwa msaada wa Kifaransa, zililisukuma neno hili nje ya Kiingereza cha kusini. Lilibaki kaskazini, hasa Uskoti. Huko, karibu mwaka 1420, Andrew wa Wyntoun aliandika katika historia yake ya mashairi kwamba Macbeth, aliyekuja kuwa mfalme wa Uskoti, aliota wanawake watatu, akawadhania kuwa ni werd systrys, yaani dada wa majaaliwa. Mwaka 1513 mshairi wa Uskoti Gavin Douglas alitumia jina hilo kwa wanawake watatu wa hekaya za Kirumi wanaosokota na kukata uzi wa uhai. Hadi hapo weird ni nomino iliyowekwa mbele ya nomino nyingine, na haisemi lolote kuhusu sura za hao dada.

Kitabu cha historia cha Holinshed, kilichochapishwa mwaka 1577, ndicho Shakespeare alichokitegemea. Kinawataja kama miungu wa kike wa majaaliwa, au pengine aina fulani ya majini. Picha iliyochapwa humo inawaonyesha Macbeth na mwenzake Banquo juu ya farasi, na mbele yao wanawake watatu waliovaa vizuri. Ndevu hazipo, chungu cha uchawi hakipo. Hata Simon Forman, aliyeutazama mchezo huo London mwaka 1611, aliandika kwamba aliona wanawake watatu wa aina hiyo ya viumbe, hakuandika wachawi. Ajuza wenye ndevu wametoka katika mistari na maelekezo ya jukwaani ya mchezo wenyewe, ambamo kweli wanaitwa wachawi. Jina weird sisters halikuwapa ndevu.

Pili, neno weird halimo katika Macbeth iliyochapishwa mwaka 1623, toleo la kwanza tulilo nalo. Mara sita linapotarajiwa, mara tatu za mwanzo limechapwa weyward na tatu za mwisho weyard. Lewis Theobald, mhariri wa kazi za Shakespeare, ndiye aliyesahihisha mwaka 1733, baada ya kulinganisha na Holinshed, na wahariri wengi wakamfuata. Wapo wanaodai kwamba weyward ni wayward, yaani mkaidi. Maneno hayo mawili hayana asili moja: wayward limetokana na away, kuelekea kando. Mchezo wa maneno huenda ulikusudiwa, lakini kulifuta wazo la majaaliwa ni kuuondolea mchezo mhimili wake, maana Macbeth hawafuati hao dada kwa sababu ya vituko vyao. Anawafuata kwa sababu anaamini wanajua yaliyoandikwa.

Mgeuko ulifuata wenyewe. Wasomaji wa kusini hawakuijua tena ile nomino, wakaona weird sisters wenye kutisha, wakahitimisha kwamba weird ni kivumishi chenye maana ya kutisha. Kiswahili kisingeruhusu kosa hilo kirahisi, kwa kuwa dada wa majaaliwa na dada wa kutisha hawafanani. Kiingereza hupanga nomino na kivumishi mahali pamoja, na hakuna cha kuvitofautisha. Washairi wakalichukua: Shelley, katika shairi lililochapishwa mwaka 1816, ana usiku unaotoa sauti weird kutokana na ukimya wake. Keats naye akafuata mwaka 1820. Kutoka mizimu ya washairi hadi soksi zisizolingana, ni lugha ya kila siku iliyoendelea kulipunguza makali.

Dhana: tahajia yake haina sababu

Walimu hufundisha kwamba i hutangulia e isipokuwa baada ya c, kisha weird inatajwa kama kituko. Wanafunzi huandika wierd, na wengine wired, ambayo ni kitu chenye nyaya. Sababu ipo: ei hiyo ni ya Kiskoti. Waandishi wa Uskoti walizoea kuongeza i baada ya irabu kuonyesha kwamba inavutwa, ndiyo maana kichwa kwao ni heid na mfu ni deid. Ukiikumbuka heid, hutakosea weird. Kanuni ya darasani haivunjwi na neno hili peke yake. Seize na protein nazo zinaipuuza. Matamshi ni silabi moja, karibu na "wiad" kwa Waingereza wengi. Waskoti na Wamarekani huitamka r.

Dhana: weird, wizard na word ni ndugu

Hapana. Wizard imetoka kwa wise, mwenye hekima. Word ina shina lake.

Kwa mfasiri, la kuangalia kwanza ni tarehe na mahali. Maandishi ya kabla ya 1800 yakiwa na weird, anza na majaaliwa au kadari, na uhame tu muktadha ukikataa. Ya karne ya 19 mara nyingi yanataka "ya kutisha" au "yasiyo ya dunia hii", na jarida Weird Tales, lililoanza Chicago mwaka 1923, bado liko upande huo: ni hadithi za mizimu, si za vichekesho. Katika mazungumzo ya sasa, "ya ajabu" au "si ya kawaida" inatosha. Kiskoti kina njia yake: humo weird bado ni nomino, na anayeambiwa adree his weird hatakiwi kufanya vioja, anatakiwa kuyavumilia aliyoandikiwa.