Elfu tatu na mia sita za nini?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye saiti moja pembezoni mwa Dodoma, nimewafuata wanafunzi wangu waliopelekwa mafunzo kwa vitendo. Kijana mmoja alikabidhiwa ramani ya nyumba. Akaigeuza, akaigeuza tena, halafu akaninong'oneza: "Mwalimu, hii elfu tatu na mia sita ni bei ya nini?"

Ulikuwa urefu wa ukuta wa chumba. Milimita 3600.

Huyu hakuwa mgeni wa kazi. Kabla ya kuja chuoni alikuwa saidia fundi kwa miaka minne, na ukimpa mwiko anapanga kozi za tofali zikanyooka kama zimechorwa. Kilichoniuma ni kwamba wiki moja kabla alikuwa amepata nane kwa kumi kwenye jaribio langu la kubadili vipimo. Sentimita kuwa milimita, mita kuwa sentimita, vyote alivijua darasani. Kwenye ramani, mbele ya ukuta aliotakiwa kuujenga, havikumjia kabisa.

Mimi nafundisha lile somo ambalo hakuna mwanafunzi wa ufundi aliyelifuata chuoni. Wanakuja kwa uashi, umeme wa majumbani, ushonaji, uchomeleaji. Wakifika wanakuta kwenye ratiba kuna pia hesabu na mawasiliano, na mwenye somo ndiye mimi. Wengi wamemaliza darasa la saba. Wapo walioishia la nne wakaenda kuchunga, na wapo kinamama waliokatisha sekondari na sasa wanakuja na mtoto mgongoni. Kipindi changu kilikuwa saa nane mchana, baada ya ugali, chini ya bati. Anayeijua Oktoba ya Dodoma hahitaji maelezo zaidi. Nilikuwa nasimama ubaoni kuwagawia watu wazima maembe ya Juma, na waliposinzia nikasema ni wavivu.

Mpangilio ule ulikuwa na hoja yake, na ukiisikia haraka inaingia akilini: msingi kwanza, ukuta baadaye. Asiyejua kusoma asome, asiyejua hesabu ahesabu, kisha ndipo aguse kifaa. Lakini mtu wa miaka ishirini na nne mwenye familia hakuja kusubiri. Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, kuanzia Mtumba hadi Nzuguni na Ihumwa watu wanajenga, na kibarua cha siku kinapatikana. Ukimwambia akae miezi kadhaa na kusoma na kuandika kabla hajashika mwiko, atakuitikia vizuri tu, "sawa mwalimu", na Jumatatu humwoni.

Wenzetu wa jimbo la Washington, Marekani (jimbo lile la magharibi, si mji mkuu wao), walikutana na mtego huohuo kwenye vyuo vyao vya jamii. Watu wazima wasio na cheti cha sekondari, na wahamiaji wasiojua Kiingereza vizuri, walikuwa wanawekwa kwenye madarasa ya stadi za msingi na wanaishia humohumo, hawafiki kwenye ufundi. Mwaka 2004 vyuo kumi vikaanza kujaribu mpango unaoitwa I-BEST. Kiini chake ni walimu wawili, mmoja wa fani na mmoja wa stadi za msingi, wanaofundisha darasa moja pamoja kwa angalau nusu ya muda. Mwanafunzi wa uchomeleaji au wa uuguzi msaidizi anaanza fani siku ya kwanza, na kusoma na hesabu vinamfuata hukohuko kazini. Watafiti waliowalinganisha na wanafunzi wengine wa stadi za msingi walikuta wa I-BEST wana nafasi kubwa zaidi ya kupata cheti cha fani. Leo mpango huo umeenea katika vyuo vyote 34 vya jimbo hilo.

Nilipousoma mara ya kwanza nilishangaa, kisha nikajiona mjinga. Sisi jambo hili tulikuwa nalo, na tulikuwa na jina lake: kisomo chenye manufaa. Kuanzia mwaka 1968 Mwanza na mikoa jirani ilikuwa eneo la majaribio, kwa msaada wa UNESCO na UNDP, na vitabu vya kujifunzia kusoma vilihusu kilimo cha pamba, migomba na ufugaji. Mtu alijifunza silabi na nafasi kati ya mche na mche katika kitabu kimoja. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, kwa mfano ambao Mwalimu Nyerere aliuona Sweden, na vipo mpaka leo: hapa mkoani kuna Chisalu kule Mpwapwa na Munguri kule Kondoa. Wazo la vyuo vile halikuwahi kutenganisha mikono na kichwa. Kilichokuja kuvitenganisha, kwa maoni yangu, si sera bali ratiba. Kila somo likapewa chumba chake, saa yake na mwalimu wake, na walimu hao hawaketi meza moja.

Basi baada ya ile siku ya ramani nilimfuata mwalimu wa uashi, mzee mmoja mwenye maneno machache, nikamwomba niwe naingia karakana yake. Akaniuliza, "Kufanya nini?" Nikasema, kufundisha hesabu. Akasema humu hakuna hesabu, humu kuna kazi. Kumbe ndani ya wiki mbili nilikuwa nimejaza daftari zima kwa hesabu alizokuwa akizifanya bila kuziita hesabu.

Chukua kona ya nyumba. Mzee anapiga kigingi, anafunga kamba mbili, kwenye moja anapima sentimita 60, kwenye nyingine 80, halafu anavuta futi (utepe wa kupimia) kutoka alama hadi alama. Ikisoma 100, kona iko mraba. Isiposoma, kamba inasogezwa. Kila saidia fundi wa Dodoma ameiona "sitini, themanini, mia". Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ni ileile 3, 4, 5, na kwamba 9 (3 mara 3) na 16 (4 mara 4) ni 25 (5 mara 5). Nikauliza: ukianza na 90, upande wa pili utakuwa ngapi? Kimya. Kisha mmoja akasema 120, na mia itakuwa mia na hamsini. Alijuaje? "Nimeongeza nusu kila mahali." Huyo alikuwa ametoka kufanya hesabu ya uwiano mwenyewe. Ubaoni ningeihangaikia kwa mwezi.

Hapo mzee akaingilia na jambo ambalo mimi nisingelijua. Kwa nyumba kubwa, alisema, usitumie sitini na themanini, tumia mita tatu na nne, kwa sababu pembetatu ndogo inadanganya. Tukakaa chini tukapiga hesabu: ukikosea sentimita moja kwenye kamba ya sentimita 60, kamba ikifika mita kumi kosa limeshapita sentimita 16. Chumba kimepinda, fundi wa vigae atakutukana. Somo lile tulilifundisha wawili na sijui ni nani kati yetu alikuwa mwalimu wa hesabu siku ile.

Au zege. Wote wanaimba "moja, mbili, nne": saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mmoja aliiona imeandikwa 1:2:4 akafikiri ni saa. Lakini mfuko wa saruji wa kilo 50 una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo mchanga ni lita 70 na kokoto lita 140. Kwa ndoo ya lita 20 hiyo ni ndoo tatu na nusu za mchanga na saba za kokoto. Sasa mtu ana sababu ya kuijua nusu. Na ana sababu ya kubishana na bosi anayesema "jaza toroli tu", maana toroli lililojaa juu na toroli lililosawazishwa si kipimo kimoja.

Kusoma nako kulijileta kwenyewe, kupitia mfuko huohuo. Wanaubeba begani kila siku na umeandikwa 32.5 au 42.5, na walidhani ni namba ya kiwanda. Ni daraja la nguvu: saruji ya 42.5, ikishapimwa kwa utaratibu wake, inatakiwa baada ya siku 28 istahimili angalau nyutoni 42.5 kwa kila milimita ya mraba. Siku 28! Hapo ndipo tukazungumza kwa nini zege la Dodoma, na upepo huu mkavu, linahitaji kumwagiliwa maji kila siku angalau wiki nzima, na kwa nini fundi anapaswa kuandika tarehe aliyomwaga. Kuandika tarehe na kipimo na nani alikuwepo: hilo likawa somo langu la uandishi. Sijaomba insha tena tangu hapo.

Kuna jambo la aibu ambalo nataka kulisema taratibu. Mtu mzima asiyejua kusoma hakwambii. Anakwambia amesahau miwani. Anakwambia mwandiko wako hausomeki, au anampa mwenzake karatasi, "hebu soma kwa sauti wote wasikie". Chuo kinachoanza na mtihani wa kusoma siku ya kwanza kinawatambua, ndiyo, na kesho yake kinawapoteza. Karakanani nawajua kwa njia nyingine. Nampa kila mtu oda ya kuandika: tofali ngapi, saruji ngapi, za ukuta huu. Ukuta wa mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Tofali la inchi 6 linaingia kama kumi kwa mita ya mraba, hivyo ni 120. Mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 unapunguza kumi na tisa hivi. Ongeza kidogo za kuvunjika. Anayejua kichwani lakini hawezi kuandika anaonekana, na pia anaonekana kwamba anajua. Huyo namfuata jioni, wawili tu, tunaanza na maneno ya kazi yake: linta, timazi, nondo, pima maji. Mama mmoja wa Mvumi alijifunza herufi kwa orodha ya duka la vifaa vya ujenzi. Neno la kwanza aliloandika bila msaada lilikuwa "msumari".

Lugha inatukwamisha zaidi ya hesabu. Nyumbani mtu anaongea Kigogo au Kirangi, mtaani Kiswahili cha mafundi ambacho nusu yake ni Kiingereza kilichovaa kanzu, na ramani imeandikwa Kiingereza chenyewe. Vipimo navyo havielewani: tofali kwa inchi, kiwanja kwa hatua za miguu, ramani kwa milimita. Sijaribu tena kuwasahihisha wasiseme inchi. Tuna bango ukutani lenye safu tatu, mtaani, darasani na kwenye ramani, na wanafunzi ndio wanaolijaza.

Sasa gharama, kwa sababu wakuu wa vyuo wakinisikiliza huwa wanatikisa kichwa kwa furaha mpaka nifike hapa. Walimu wawili darasa moja ni mishahara miwili. Washington hawakujifanya hawalioni hilo: jimbo linakilipa chuo kwa mwanafunzi wa I-BEST kana kwamba ni mwanafunzi mmoja na robo tatu. Sisi hatuna fungu la namna hiyo, na mpango unaotegemea walimu wawili wanaopatana hufa mmoja akihamishwa. Nimeliona likitokea. Tunachofanya ni kidogo: nusu ya vipindi vyangu vimehamia karakana, na kila Ijumaa saa nzima mimi na mzee tunapanga wiki ijayo. Saa hiyo haipo kwenye ratiba wala hailipwi, na bila hiyo mengine yote ni maonyesho. Mwalimu wa pili akiingia bila kupanga anageuka msimamizi wa mtihani tu, amesimama kona na chaki.

Kwa ushonaji ilikuwa rahisi zaidi, sitakaa hapo. Kifua inchi 36, gawa kwa nne, ongeza ya mshono. Hesabu za sehemu zimejaa kwenye kitambaa.

Nina wasiwasi kidogo na mkondo wa amali, yaani wa ufundi, unaoingia sekondari baada ya mitaala mipya ya 2023. Naupenda. Lakini nikitazama ratiba naona hesabu imekaa upande wake na fani upande wake, na naikumbuka saa nane yangu ya mchana.

Wiki hii tuko kwenye ngazi. Sakafu hadi sakafu ni milimita 3000, na mzee alitaka kimo cha kila kidato kiwe 175. Haigawanyiki. Wakajaribu vidato 17, ikatoka 176 na ushee. Wakajaribu 18, ikatoka 166 na ushee, na aliyependekeza 18 akasema mama yake ana magoti mabaya. Mzee akasema 18 inakula nafasi zaidi chini, ukumbi hautoshi. Yule kijana wa elfu tatu na mia sita, ambaye siku hizi ana vibarua wawili chini yake na alipita kutusalimia, akaomba chaki. Wamebishana mpaka kengele ikalia, na hesabu tumeiacha ubaoni hadi Jumatatu.