Ethosi si wasifu wako: dhana potofu kuhusu balagha ya Wagiriki

Juzi mteja wangu alisimama kufanya mazoezi ya hotuba ya dakika kumi. Tatu za mwanzo zilikwisha kwa shahada zake, vyeo alivyowahi kushika na makongamano aliyohudhuria. Nilipomkatiza, akanijibu kama wanavyonijibu karibu wote: "Mwalimu, si ndiyo ethosi? Aristotle mwenyewe kasema."

Ethosi ni ile tabia ya msemaji inayowafanya wasikilizaji wamwamini, na mwanafalsafa huyo Mgiriki hakusema inatokana na shahada. Alisema kinyume chake, na nimechoka kumsikia akisingiziwa. Katika kitabu cha kwanza cha Balagha, kazi yake kuhusu sanaa ya kushawishi kwa maneno, Aristotle anaandika kwamba imani ya wasikilizaji kwa msemaji lazima izaliwe na hotuba yenyewe, isitokane na sifa alizokuja nazo. Katika kitabu cha pili anataja mambo matatu yanayoizaa: busara, uadilifu, na kuwatakia mema wanaokusikiliza. Cheo hakimo. Shahada haimo.

Kule Athens mwenye kesi kwa kawaida alijisemea mwenyewe, mbele ya watu ambao wengi wao hawakumjua. Asiyejiweza kwa maneno alimlipa mwandishi wa hotuba, kisha akaikariri. Lysias alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Mmoja wa wateja wake, Euphiletos, alishtakiwa kwa kumuua Eratosthenes, mwanamume aliyemfumania na mkewe.

Sasa msikilizeni Euphiletos. Hajisifu popote. Anaeleza nyumba yake ya orofa mbili: mtoto alipozaliwa, yeye alihamia juu na wanawake wakakaa chini, ili mkewe asihatarishe maisha kwa kushuka ngazi kila anapokwenda kumwosha mtoto. Usiku mmoja akasikia milango ikilia. Asubuhi akauliza, mke akamwambia taa ya mtoto ilizimika, akaenda kuiwasha kwa jirani. Akanyamaza, akaamini. Akaona pia poda usoni mwa mkewe, ilhali kaka yake mwanamke huyo hajatimiza hata siku 30 tangu afariki. Hapo napo akanyamaza, akatoka zake.

Walalamikaji walidai kwamba alimtega marehemu. Mtu asiyeshuku hata milango inayolia usiku wa manane, mtego ataujulia wapi? Hiyo ndiyo ethosi: hakuna aliyeambiwa kwamba Euphiletos ni mtu mnyofu, ila kila aliyesikiliza alimwona.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa kila mteja ni uleule: futa aya ya kwanza, anza na mlango uliolia. Yule wa juzi anatafutia kijiji fedha za kisima. Rasimu yake ya pili imeanza na foleni ya ndoo saa kumi alfajiri, na yeye akiwa ndani ya foleni hiyo na mama yake. Shahada hazikutajwa.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

"Demosthenes alizaliwa na kipaji." Hapana. Msemaji huyo maarufu wa Athens alifiwa na baba akiwa na miaka 7, walezi wakafuja urithi wake, na kesi dhidi yao ndiyo iliyomwingiza katika usemaji. Kile kisa kwamba alifanya mazoezi ya kusema akiwa na kokoto mdomoni tunakisoma kwa Plutarch, mwandishi wa maisha ya watu mashuhuri, aliyeandika karibu miaka 400 baada ya Demosthenes kufa mwaka 322 KK. Kokoto msizijaribu, mtapaliwa. Plutarch huyohuyo anasimulia kwamba wapinzani walimdhihaki kuwa hoja zake zinanuka utambi wa taa, kwa jinsi alivyozitayarisha usiku. Hilo lijaribuni.

"Balagha ni kupamba maneno." Mtindo Aristotle anaufikia katika kitabu cha tatu, ambacho ni cha mwisho. Viwili vinavyotangulia ni vya hoja na watu.

"Pathosi ni kuliza watu." Pathosi ni kugusa hisia za wasikilizaji, na machozi si hisia pekee. Aristotle anachambua hasira, utulivu, hofu, aibu, huruma na mengineyo, na katika kila moja anauliza maswali matatu. Kwa hasira: mtu mwenye hasira yukoje, humkasirikia nani, na kwa sababu gani? Ukijua moja au mawili tu, anasema, huwezi kuwaamshia watu hasira.